Tahajia ya Kiingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maneno Yanayokosewa Sana

Haya ndiyo maswali yanayonirudia kila ninapopitia barua, insha na ripoti za watu. Yanaanzia kwenye msingi na kuishia kwenye mambo ya pembezoni. Ukitafuta neno moja tu, ruka hadi sehemu inayokuhusu.

## Msingi

Nazungumza Kiingereza vizuri. Mbona nikiandika nakosea?

Sikio lako limelelewa na Kiswahili, na Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Ukilisikia neno "kitanda" kwa mara ya kwanza maishani, utaliandika sawasawa bila kuuliza mtu. Irabu zetu ni tano, na a ni a popote inapokaa. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44, kwa hiyo herufi moja hufanya kazi nyingi na sauti moja huandikwa kwa njia chungu nzima. Sauti ya i ndefu peke yake utaikuta katika *see*, *sea*, *key*, *field*, *receive*, *people* na *machine*.

Kwa hiyo aliyeandika *seperate* au *definately* si mzembe. Ameandika alichosikia, na kwa lugha yake huo ndio utaratibu sahihi. Anachokosa ni habari moja tu: Kiingereza hufuata asili na ukoo wa neno kuliko sauti yake. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo.

Nani aliyeipanga tahajia hii, na kwa nini haikunyooshwa?

Hakuna aliyeipanga. William Caxton alileta mtambo wa kuchapa Uingereza mwaka 1476, akaufunga Westminster. Katika zama hizohizo matamshi ya irabu ndefu za Kiingereza yalikuwa yanahama, na yaliendelea kuhama kwa vizazi kadhaa. Vitabu vikazoesha watu maandishi ya zamani huku midomo ikisonga mbele. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ikayapa nguvu maandishi yaliyokuwa yamezoeleka.

Wapo waliojaribu kurekebisha. Noah Webster wa Marekani, ambaye kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1828, alifaulu kupitisha *color* na *center* kwao. Alipotaka pia *tongue* liandikwe *tung*, watu walikataa.

Herufi zisizotamkwa zilitoka wapi?

Nyingine zilikuwa zinatamkwa. K ya *knee* na *knife* ilisikika zamani, na Wajerumani mpaka leo huitamka katika neno lao *Knie*. Gh ya *night* ilikuwa sauti iliyo karibu na kh ya "sabalkheri". Sauti ilikufa, herufi zikabaki.

Nyingine zilipachikwa na wasomi. *Debt* na *doubt* yalitoka kwa Wafaransa bila b. Wasomi waliokipenda Kilatini wakaiongeza ili maneno yafanane na *debitum* na *dubitare*. P ya *receipt* ni mzigo wa aina hiyohiyo.

Na nyingine ni makosa matupu yaliyozeeka. *Island* halikuwa na s. Watu walidhani lina undugu na *isle*, neno lenye asili ya Kilatini, wakalipa s yake. Kosa hilo sasa ndilo sahihi, na ukiandika *iland* unakosa alama.

Maneno ya Kiingereza yaliyoingia Kiswahili yananisaidia au yananipotosha?

Yote mawili. Tuliyachukua kwa sikio, kwa hiyo herufi bubu zilibaki kwao. "Risiti" haina p, "bajeti" haina d, na "kamati" imepoteza herufi zake zote za maradufu. Ukijenga neno la Kiingereza kutokana na sura yake ya Kiswahili, *committee* litakushinda: lina m mbili, t mbili na e mbili.

Lakini yapo yanayookoa. Wengi huandika *calender* wakimaanisha orodha ya siku na miezi. Lisikilize neno "kalenda": e katikati, a mwishoni. *Calendar* ndivyo lilivyo. "Mashine" nalo linakukumbusha mwisho wa *machine*.

Cha ajabu zaidi ni "kanali". *Colonel* lina l katikati, ila Waingereza hulitamka kana kwamba lina r. Sababu ni kwamba neno lilizunguka Ulaya kwa sura mbili, moja ya Kiitaliano yenye l na nyingine ya Kifaransa iliyokuwa na r. Kiingereza kikashika tahajia ya kwanza na matamshi ya pili. Hapo hakuna kanuni, kariri tu.

## Njia za kukumbuka

Kuna mbinu yoyote inayomfaa hasa mzungumzaji wa Kiswahili?

Ipo, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Lisome neno la Kiingereza kimoyomoyo kana kwamba ni la Kiswahili, kila herufi ipate haki yake: *se-pa-ra-te*. *De-fi-ni-te*. *Fe-bru-a-ry*. *We-dne-sda-y*. *Go-ve-rn-me-nt*. Mwingereza hana bahati hii, kwa sababu lugha yake haikumfundisha kusoma kila irabu wazi. Sisi tunayo tangu chekechea.

Hadharani utalitamka kama wenyewe wanavyolitamka. Kichwani, wakati wa kuandika, liite kwa jina lake la Kiswahili. Aliyezoea kusema *se-pa-ra-te* moyoni hawezi kuweka e baada ya p, kwa sababu mdomo wake wa ndani umeshasema "pa".

Irabu ya katikati haisikiki kabisa. Nitajuaje kama ni a, e, i au o?

Hili ndilo chimbuko la makosa mengi kuliko jingine lolote. Katika Kiingereza irabu isiyo na mkazo hufifia, na zote zikififia hufanana. Mwisho wa *grammar*, *editor* na *teacher* husikika vilevile.

Dawa yake ni kumtafuta ndugu wa neno ambaye mkazo wake umehamia kwenye ile irabu iliyojificha. Hapo husikika wazi:

- *grammar* → *grammatical*, kwa hiyo ni a
- *editor* → *editorial*, kwa hiyo ni o
- *definite* → *definition*, kwa hiyo ni i
- *similar* → *similarity*, kwa hiyo ni a
- *major* → *majority*, kwa hiyo ni o
- *democracy* → *democratic*, kwa hiyo ni *cra*, si *cre*

Njia hiyohiyo hufichua konsonanti bubu. N ya *autumn* husikika katika *autumnal*, g ya *sign* katika *signature*, c ya *muscle* katika *muscular*.

Mbinu hii ina mipaka. *Separate* halina ndugu wa kulisaidia, kwa hiyo rudi kwenye mbinu ya swali lililotangulia. Na ndugu wengine hubadilika sura: *pronounce* huzaa *pronunciation*, si *pronounciation*, na *maintain* huzaa *maintenance*, si *maintainance*. Kwa hayo mawili ndugu anapotosha, na ndiyo maana hata wasomi huyakosea.

Ile kanuni ya "i kabla ya e isipokuwa baada ya c" ni ya kweli?

Ni nusu ya kanuni. Nusu inayosahaulika ni kwamba hutumika pale sauti inapokuwa i ndefu tu. Ukiongeza sharti hilo inafanya kazi vizuri: *believe*, *achieve*, *field*, na baada ya c, *receive*, *ceiling*, *deceive*. Sauti ikiwa nyingine, kanuni haikuhusu, ndiyo maana tuna *weigh*, *height*, *foreign*, *their*, na pia *science* na *ancient*.

Waasi waliobaki ni wachache, unaweza kuwamaliza jioni moja: *seize*, *weird*, *protein*, *caffeine* na *species*.

## Konsonanti moja au mbili?

Kwa nini maneno mengi yana konsonanti mbili mwanzoni, kama *accommodate* na *appoint*?

Kiswahili Sanifu ni nadra kuandika konsonanti mbili zinazofanana zikiwa pamoja, na tukifanya hivyo, kama katika "mmoja" au "nne", zote mbili husikika. Katika Kiingereza kwa kawaida husikika moja tu, ndiyo maana nyingine hudondoka njiani.

Sababu yake, hata hivyo, Mswahili anaielewa kwa urahisi. Sisi tuna kiambishi n- kinachogeuka kulingana na jirani yake: tukisifia nyumba, n- na -baya inakuwa mbaya, n- na -refu inakuwa ndefu. Kilatini kilikuwa na mchezo uleule. Kiambishi *ad-* kikikutana na c kiligeuka *ac-*, kikikutana na p kikawa *ap-*, na t *at-*, na s *as-*. Kwa hiyo *accident*, *approve*, *attend* na *assist* yana herufi mbili kwa sababu moja ni ya kiambishi na nyingine ni ya mzizi. *Con-* nacho hugeuka: *collect*, *correct*, *committee*. *In-* ya kukanusha pia: *illegal*, *immature*, *irregular*.

*Accommodate*, neno linalokosewa na watu wa kila taifa, limebeba viambishi viwili mfululizo, *ac-* na *com-*, kabla ya kufika kwenye mzizi. Ndiyo maana lina c mbili na m mbili. Ukiona hivyo mara moja, hulisahau.

Na *disappear*, *recommend*, *misspell*?

Kata neno kwenye kiungo chake, kisha hesabu. *Dis* + *appear*: s moja, p mbili. *Dis* + *satisfied*: s mbili. *Re* + *commend*: c moja, m mbili. *Mis* + *spell*: s mbili. *Un* + *necessary*: n mbili. *To* + *morrow*: m moja, r mbili. Viungo havidanganyi.

*Necessary* lenyewe lina c moja na s mbili. *Embarrass* lina r mbili na s mbili, ilhali *harass* lina r moja. Haya yakariri.

Nikiongeza *-ing* au *-ed*, konsonanti inarudiwa lini?

Tazama silabi ya mwisho ya kitenzi. Ikiwa na mkazo, na ikaishia kwa irabu moja ikifuatwa na konsonanti moja, rudia: *begin* → *beginning*, *occur* → *occurred*, *refer* → *referred*, *admit* → *admitted*. Mkazo ukiwa mbele, usirudie: *open* → *opening*, *visit* → *visited*, *offer* → *offered*. Tazama pia kwamba *reference* ina r moja, kwa kuwa mkazo umehamia mwanzoni, ila *occurrence* inabaki na mbili.

Mtego wetu uko hapa: Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tunaubeba utaratibu huo hadi kwenye Kiingereza. Kama unatamka *begin* kwa mkazo wa mwanzoni, kanuni itakudanganya. Kamusi nyingi huweka kialama kidogo cha wima juu, mbele ya silabi yenye mkazo. Kitazame.

Kiambishi kikianza na konsonanti hakuna kurudia: *commitment*, japo *committed*.

Kwa nini *writing* ina t moja lakini *written* ina mbili?

*Write* linaishia kwa e, na e hiyo hudondoka mbele ya *-ing*. T haina sababu ya kuongezeka. Konsonanti mbili huashiria irabu fupi mbele yake, kama ilivyo katika *written*. Ndiyo tofauti ya *hoping*, kutumaini, na *hopping*, kurukaruka kwa mguu mmoja. *Comming*, *writting* na *dinning room* yote yanatokana na kosa hili.

Ni *until* au *untill*? *Useful* au *usefull*?

*Until* l moja, *till* l mbili. Ajabu yake ni kwamba *till* si kifupisho, lilikuwapo kabla ya *until*. Na *full* likiwa peke yake lina l mbili, likiwa kiambishi tamati lina moja: *useful*, *beautiful*, *careful*. Kwenye *carefully* zinarudi mbili, moja ya *-ful* na moja ya *-ly*.

## Maneno yanayofanana

*Its* na *it's* nitazitofautishaje?

Kwetu ritifaa huonyesha sauti: bila hiyo, ng'ombe angesomwa vingine. Kwao huonyesha herufi iliyotolewa, au umilikaji baada ya nomino. *It's* ni *it is* au *it has* iliyofupishwa. Jaribu kuirefusha, na sentensi ikigoma, andika *its*. *His* haina ritifaa, na *its* ni ndugu yake. Jaribio hilihili linatenganisha *you're* na *your*, *they're* na *their*.

Kuna jozi gani nyingine za kuangalia?

*Lose* ni kupoteza, *loose* ni iliyolegea. *Advice* ni nomino, *advise* ni kitenzi, na bahati nzuri husikika tofauti. *Affect* kwa kawaida ni kitenzi, *effect* nomino. *Stationery* yenye e ni karatasi na kalamu, *stationary* ni kilichosimama. *Quiet* ni kimya, *quite* ni kiasi fulani. *Than* hulinganisha, *then* ni wakati.

*Led* nalo huwatesa wengi. Wakati uliopita wa *lead* ni *led*, bila a. Ile *lead* inayotamkwa vilevile ni risasi, madini.

Nachanganya l na r, na pia *live* na *leave*. Nifanyeje?

Baadhi ya lugha za Kibantu hazitenganishi l na r, na aliyekulia humo hubeba hali hiyo kokote. Matokeo yake ni *pray* kuwa *play*, na *correct* kuwa *collect*. Upande wa irabu, tano zetu hazitoshi kupokea zote za Kiingereza, hivyo *live* na *leave*, *this* na *these*, *full* na *fool* huangukia mahali pamoja. *Hat*, *hut*, *heart* na *hurt* yote hutua kwenye "hat".

Usijaribu kuzitenganisha kwa sikio wakati wa kuandika, utachoka bure. Jifunze kila moja ndani ya sentensi yake: *leave the room*, *live in peace*. Jicho litakumbuka kile ambacho sikio halipati.

## Barua na nyaraka

Ni makosa gani yanayojirudia kwenye barua za maombi ya kazi?

Niliwahi kuletewa barua safi kabisa, mtu ana sifa zote, kisha aya ya mwisho ikasema: *I would be greatful for this oppurtunity and I am looking foward to hear from you.* Makosa matatu ya tahajia na moja la sarufi katika mstari ambao msomaji anaondoka nao. Niliumia, kwa sababu mwenye barua alikuwa anastahili.

*Grateful* halina uhusiano na *great*, ndugu yake ni *gratitude*. *Opportunity* limebeba *port*, bandari, kwa kuwa asili yake ni upepo unaokusukuma kuelekea bandarini. *Forward* ni *for* + *ward*, kama *backward* na *toward*. Na baada ya *looking forward to* huja *hearing*.

Mengine ya kukagua kabla ya kutuma ni *sincerely* na *truly*, ambapo la kwanza linabaki na e na la pili linaipoteza. Kisha *privilege*, lisilo na d, na *knowledge*, lenye d.

Ni *alot* au *a lot*?

*A lot*, maneno mawili. Hali kadhalika *in fact*, *in spite*, *each other*, *thank you*. *Cannot* kwa kawaida ni neno moja. *Every day* ni kila siku, *everyday* ni kivumishi, cha kawaida.

Nifuate Uingereza au Marekani?

Chagua moja na ubaki nayo kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kuchanganya *colour* na *center* ukurasa mmoja ndiko kunakoonekana kama kosa. Tofauti kuu ni *-our* na *-or*, *-re* na *-er*, *travelling* na *traveling*, *fulfil* na *fulfill*. Waingereza huandika *licence* na *practice* kwa nomino, *license* na *practise* kwa kitenzi. Wamarekani hutumia *license* na *practice* kote.

Kuhusu *organise* na *organize*, usimkosoe mtu haraka. Shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Oxford lenyewe hupendelea z. Ila *advertise*, *surprise*, *exercise*, *supervise* na *advise* huandikwa kwa s pande zote mbili.

## Mambo ya pembezoni

Kompyuta inapigia mstari mwekundu neno ninalojua ni sahihi. Nani mkosaji?

Aghalabu ni mpangilio wa lugha. Programu ikiwekwa Kiingereza cha Marekani, *labour* litapigwa mstari. Badilisha lugha ya waraka, usibadilishe neno.

Hatari kubwa iko upande wa pili, yaani neno lisilopigwa mstari. Kikagua tahajia cha kawaida hutafuta maneno yasiyokuwapo kwenye kamusi, kwa hiyo *form* badala ya *from* linaweza kupita bila kuguswa. Soma waraka wako kwa sauti, au anza na sentensi ya mwisho urudi juu, ili maana isikufiche maneno.

Ni *-cede*, *-ceed* au *-sede*?

*Supersede* ni pekee kwa *-sede*, kutoka Kilatini *sedere*, kuketi. *Exceed*, *proceed* na *succeed* ndiyo matatu yenye *-ceed*. Mengine ya kundi hili huchukua *-cede*: *concede*, *precede*, *recede*. Angalia kwamba *procedure* lina e moja pale katikati, japo *proceed* lina mbili.

Mbona *publicly* halina *-ally*?

Ni la kipekee. *Basically*, *automatically* na wenzake waliotokana na neno linaloishia *-ic* huchukua *-ally*. *Publicly* huchukua *-ly* tu.

Majina ya taasisi na mahali yanafuata kanuni hizi?

Hapana. Jina huandikwa kama mwenyewe anavyoliandika, hata likivunja mtindo uliouchagua. *World Health Organization* lina z hata ndani ya waraka wa Kiingereza cha Uingereza. *Pearl Harbor* haina u. Waaustralia huandika *labour* kwenye habari zao za kila siku, ila chama chao ni *Australian Labor Party*. Kwa majina ya watu pia, usikisie kati ya *Catherine* na *Katherine*. Muulize mwenyewe.